Wimbo na Hadithi Yake: Juu ya Kuhifadhi Fasihi Simulizi ya Sindh

Neno kuhifadhi lina maana mbili katika lugha yetu, na maana hizo hazifuatani kila mara. Mwanafunzi wa chuoni aliyehifadhi juzuu moja ameitia moyoni mwake, na popote aendapo anakwenda nayo. Karani aliyehifadhi jalada amelitia kabatini, na siku aondokapo ofisini analiacha pale pale. Tunapohimizana kuhifadhi nyimbo na masimulizi ya wazee wetu, aghalabu husema kwa maana ya kwanza tukatenda kwa maana ya pili. Mimi nimeishi miaka mingi kati ya majalada, wala siyadharau. Bila ya kabati mengi yangalipotea. Lakini ipo haja ya kuuliza ni kitu gani hasa huingia kabatini, na ni kipi hubaki nje, hasa pale kinachohifadhiwa kinapokuwa ni sauti ya mtu mbele ya watu.

Nimependa kulieleza jambo hili kwa mfano wa mbali, yaani Sindh, jimbo la kusini ya Pakistani ambamo mto Indus hupita na kumwaga maji yake baharini. Sababu ya kuchagua mfano huu ni kwamba huko kazi ya kuhifadhi imefanywa kwa bidii kubwa kwa muda unaozidi miaka 150: kwa kitabu, kwa bodi ya fasihi, kwa chuo kikuu, kwa redio na kwa sherehe ya kila mwaka. Matunda yake yameiva vya kutosha kuweza kuonjwa. Tena fasihi yenyewe ni ya namna tunayoifahamu sisi, maana ni nyimbo za ibada zilizoshikana na hadithi za kale, zikaimbwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Katika kitovu cha fasihi hiyo amesimama Shah Abdul Latif, aliyezaliwa mwaka 1689 na kufariki mwaka 1752. Alikuwa wa ukoo wa masharifu, na babu wa babu zake, Shah Abdul Karim wa Bulri, naye alikuwa mshairi. Latif alisafiri sana, hata akafuatana na majogi wa Kihindu katika hija zao, kisha akatulia juu ya kilima cha mchanga. Kilima cha namna hiyo kwa Kisindhi huitwa bhit, na ndiyo asili ya jina la mji wa Bhit Shah lilipo kaburi lake. Lugha ya wakubwa na ya maandishi katika zama zake ilikuwa Kiajemi. Yeye alitunga kwa Kisindhi, lugha ya wasokota pamba, wafua nguo, wavuvi na wachunga ngamia, na watu hao ndio waliojaa katika tungo zake.

Mkusanyo wa tungo hizo huitwa Risalo, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa kuwa ni lile lile risala letu. Katika matoleo mengi umegawanyika sehemu 30, na kila sehemu huitwa suri, maana yake lahani au mahadhi. Baadhi huchukua jina la mahadhi ya muziki wa Kihindi, na baadhi jina la mhusika wa hadithi. Ndani ya suri mna tungo za aina mbili. Ya kwanza ni bait, ndugu wa damu wa ubeti wetu. Ya pili ni wai, wimbo wenye kiitikio, ambao hufunga kila fungu la suri. Washairi wenzangu watafurahi kujua jinsi bait inavyofungwa. Mishororo ya kwanza hutoa vina mwishoni, kama kawaida. Lakini katika kimalizio kina huhama, kikaja kukaa katikati, mwishoni mwa ukwapi, na utao ukaachwa wazi bila ya kina. Sikio lililokwisha zoea kungoja kina pale mwisho hukikuta mapema, na maneno yanayobaki huning'inia. Kwetu mshairi aliyeacha utao wa kimalizio namna hiyo angeambiwa amepotoka. Kwao ndiyo ustadi, na ukiisikia ikiimbwa unaelewa kwa nini: nafasi ile iliyoachwa wazi ndiyo mwimbaji huivuta sauti.

Yapo masimulizi ya kuwa Shah Latif, kabla ya kufa kwake, alizitupa ziwani karatasi zote zilizoandikwa tungo zake, na wafuasi walipolia akawaruhusu kuziandika upya, nao wakazipata kwa mwanamke mmoja mtumishi aliyekuwa amezihifadhi moyoni. Sishughuliki kupima ukweli wa habari hizi. Ninachokiona ni kwamba Wasindhi wenyewe, walipotaka kueleza asili ya kitabu chao kikubwa kuliko vyote, walisimulia hadithi ambamo karatasi huzama na kichwa cha mtumishi huokoa.

Huko Bhit Shah kuimba hakujakoma. Kila usiku, baada ya sala ya isha, mafakiri waliovaa nguo nyeusi hukaa nusu duara wakielekea kaburi, kila mmoja na danburo yake, chombo cha nyuzi tano ambacho mapokeo humtaja Latif mwenyewe kuwa ndiye aliyekibuni. Usiku wa kuamkia Ijumaa huimba mpaka alfajiri. Sauti zao ni mbili: moja nene, ya chini, na moja nyembamba iliyopandishwa juu kupita kiasi cha sauti ya mwanamume, ambayo wasikilizaji wengi huifahamu kuwa ni kilio cha wanawake wanaosema ndani ya tungo hizo. Mgeni anayesikia mara ya kwanza huweza kushtuka, kwa sababu si uimbaji wa kubembeleza. Tarehe 14 ya mwezi wa Safar huwa hauli yake, na maelfu ya watu hukusanyika.

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Suri nyingi mashuhuri za Latif zinahusu wanawake wa hadithi za kale: Marui, Sasui, Sohni, Lila, Mumal, Nuri, Sorath. Lakini mtu atakayeufungua Risalo akitafuta hadithi hizo hatazipata. Mshairi hasimulii. Huanza pale hadithi inapochemka, akamwachia mwanamke aseme, akalia naye, akamshauri, akageuka tena akasema kwa sauti yake mwenyewe. Habari zilizotangulia na zinazofuata hazimo. Hazimo kwa sababu hapakuwa na haja: kila aliyekaa kusikiliza alizijua tangu utoto, alizipata kwa bibi yake, au kwa wale wenye hekima ya maneno ambao Wasindhi huwaita sughar, waliokuwa wakisimulia na kutegeana mafumbo katika baraza za jioni. Utungo ulijengwa ukitegemea hadithi, kama mlezi wa kibanda unavyotegemea ukuta wa nyumba. Kitabu kimeuhamisha mlezi na kuuacha ukuta.

Tuchukue suri ya Marui. Umar, mtawala wa Umarkot, anasikia sifa za msichana wa jangwa la Thar, aliyekwisha kuposwa na mtu wa kwao. Habari humfikia kwa mtu mwenye kinyongo, mchumba aliyekataliwa. Umar anakwenda, anamkuta kisimani akiteka maji, anamchukua kwa nguvu juu ya ngamia mpaka ngomeni kwake. Humo anampa hariri, vyakula na vito. Msichana anakataa vyote, anashikilia blanketi lake kuukuu, wala hakubali kuosha nywele. Mwishowe Umar anashindwa na kumrudisha kwao.

Katika Risalo Marui tayari yumo ngomeni. Anataja mvua inayonyesha kwao, anawataja wanawake wenzake wanaokusanya mbegu na matunda ya porini, anayataja mablanketi yenye viraka kuwa ni bora kuliko hariri. Mwanafunzi asiyeijua hadithi atasema: huyu ni msichana anayekumbuka kwao, tena anarudia jambo moja mara nyingi mno. Aliyeijua hadithi husikia mambo mengine kabisa. Anajua kuwa hariri ile ni mlango wa ndoa, na kwamba kuoga na kujipamba kungekuwa ndiyo kusema ndiyo. Basi kila uchafu wa nywele zile ni neno la kukataa. Anajua kuwa kisima alichotekwa ndicho kisima anachokitamani. Na jambo zito kuliko yote, anajua mwisho wake. Anajua kwamba Marui atakaporudi, katika baadhi ya masimulizi, watu wake wale wale anaowalilia watamshuku, mpaka ukweli wake upimwe kwa chuma kilichokolea moto. Kwa hiyo kila anapowasifu, msikilizaji huingiwa na baridi. Hakuna neno hata moja katika tungo linalosababisha baridi hiyo. Imetoka nje ya utungo, imetoka katika hadithi.

Zaidi ya hayo, Latif ni mshairi wa kisufi, na Marui wake ni roho iliyotekwa na dunia ikakumbuka agano lake na Mola kabla ya kuumbwa. Wahakiki wengi hushika maana hii ya ndani wakaishikilia, na wengine hudhani ndiyo maana yenyewe, ile nyingine ni ganda. Mimi nadhani wamegeuza mambo. Maana ya ndani hupata nguvu kwa kuwa ile ya nje ina damu: yupo msichana, kipo kisima, lipo blanketi. Ikiondolewa hadithi, mapenzi ya Marui kwa watu wake huwa mahubiri, na mahubiri ya namna hiyo tunayo tele katika lugha zote.

Sohni naye ni mfano mfupi na mkali. Kila usiku huvuka mto kwa kuelea juu ya chungu ili amfikie Mehar, ampendaye. Wifi yake anakigundua chungu, anakibadili, anaweka kingine ambacho hakijachomwa. Suri inapoanza mto unanguruma na mwanamke yuko ukingoni. Msikilizaji anajua chungu ni kibichi, Sohni hajui. Basi ujasiri wake wote, na lawama zote juu ya maji na mawimbi, husikika kwa masikio mawili kwa wakati mmoja. Mwondoe mtu aliyekuambia habari ya wifi, na umeondoa nusu ya shairi bila ya kufuta hata herufi.

Hali hii si ngeni kwetu. Nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zinasomwa shuleni, na walimu wanajua jinsi zinavyowachosha vijana wasiopata kusimuliwa habari zake. Wimbo wa Liyongo akiwa kifungoni, unaompelekea mama yake ujumbe wa tupa ndani ya mkate wa wishwa, ni maneno ya kawaida ya mtu mwenye njaa, mpaka ujue kwamba mlangoni wako walinzi, kwamba kijakazi Saada ndiye mjumbe, na kwamba walinzi hula kila mkate mzuri wakauacha mbaya upite. Hapo maneno ya kawaida huwa maneno ya hatari. Muhammad Kijumwa alipoandika utenzi wake wa Liyongo mwaka 1913 aliwafanyia wasomaji wa nyimbo hizo fadhila kubwa, kwa kuwa aliuandika ukuta ambao nyimbo ziliegemea.

Iko suri moja ya Latif ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa neno, nayo ni Samundi, ya wake za mabaharia. Upepo wa kaskazini unapoanza kuvuma, wanawake wanajua kwamba tanga zitapandishwa na waume wataondoka. Mtu wa Lamu, wa Pemba au wa Kilwa ataisikia kama wimbo wa mtaani kwake. Na upepo huo huo ulikuwa na shughuli nyingine isiyoimbika kwa raha. Katika Sindh wako watu waitwao Sheedi, wenye asili ya Afrika, ambao wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pande zetu. Ngoma yao kubwa huitwa mugarman. Mmoja wao, Hoshu Sheedi, aliuawa mwaka 1843 akipigana na Waingereza walipoiteka Sindh, na mwingine, Muhammad Siddiq Musafir, aliyeishi kati ya 1879 na 1961, mtoto wa mtu aliyepelekwa huko mtumwa, alikuwa mwalimu na mwandishi wa Kisindhi aliyeandika juu ya utumwa na uhuru wa watu wake. Nimeyataja haya ili msomaji asidhani Sindh ni nchi ya upande wa pili wa mwezi.

Uchapaji wa Risalo ulianzia mbali na nyumbani. Mjerumani Ernest Trumpp ndiye aliyeutoa kwanza, huko Leipzig mwaka 1866, na baada yake chapa za Bombay zikafuata. Kazi iliyoheshimiwa zaidi katika karne iliyopita ni ya Hotchand Molchand Gurbaxani, profesa wa Karachi, Mhindu aliyetumia umri wake kuuhariri utungo wa walii wa Kiislamu. Alitoa juzuu 3 kati ya mwaka 1923 na 1931. Gurbaxani alilinganisha miswada, akafafanua maneno magumu, akaziondoa tungo alizoziona si za Latif. Mafakiri wa Bhit huimba hata hizo zilizoondolewa, kwa sababu katika mswada wao wa zamani, na katika mapokeo yao, zimo pia tungo za washairi wengine zilizoingia kwa kufaana na lahani.

Nani ana haki? Mimi ni mshairi, na najua uchungu wa kuona ubeti wa mtu mwingine ukipewa jina langu, au wangu ukipewa jina lake. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mhariri anayechambua. Mshairi ana haki ya jina lake. Lakini mhariri hujiuliza ni nani aliyetunga, na mwimbaji hujiuliza ni nini kinachofuata. Ubeti wa mtu mwingine ulioingizwa katika suri ya Sasui, pale mwanamke anapopanda milima ya mawe kwa miguu akifuata ngamia waliomchukua mumewe, uliingizwa na mtu aliyeona kwamba safari imekatika pale na ikahitaji hatua moja zaidi. Huo ni uhakiki, japokuwa umefanywa kwa koo. Kuutupa moja kwa moja ni kutupa ushahidi wa jinsi watu walivyousikia utungo kwa vizazi vingi. Ingalifaa kuuweka pembeni na kuutia alama.

Kwa bahati njema walikuwako watu waliouona upande huu. Bodi ya Fasihi ya Kisindhi ilianzisha katika miaka ya 1950 kazi ya kukusanya fasihi simulizi ya jimbo zima, chini ya uongozi wa Nabi Bakhsh Baloch, mtaalamu aliyefariki mwaka 2011. Hadithi, mafumbo, methali, nyimbo za harusi na visa vya mapenzi vilikusanywa vijijini na kuchapishwa katika juzuu zaidi ya 40. Mwaka 1962 ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Sindh taasisi ya elimu ya mambo ya Sindh, yenye maktaba na hazina ya kumbukumbu. Nchi nyingi tajiri kuliko ile hazijafanya hata robo yake, na sisi tunaojivunia makabila zaidi ya 120 tuna la kujifunza katika idadi ile ya juzuu. Baloch aliwaandikia Wasindhi ukuta wao. Hata hivyo ukuta umo katika juzuu zake na mlezi umo katika juzuu nyingine, rafu nyingine, na mtoto wa shule aghalabu hupewa moja bila ya nyingine.

Lakini ilikuwako sanaa moja ambayo wimbo na hadithi havikutengana hata kidogo, nayo ndiyo iliyopata hasara kubwa kuliko zote. Ni bhagat, sanaa ya Wahindu wa Sindh, na mwenye kuifanya naye huitwa bhagat. Mtu huyu alivaa kanzu ndefu iliyopanuka chini, kilemba kichwani na njuga miguuni, akaingia uwanjani usiku na wenzake wa kumwitikia na wapiga vyombo. Alianza kwa kumsifu Mungu. Kisha akaanza kusimulia, ama habari za wacha Mungu wa Kihindu, ama mojawapo ya hadithi zile zile za Marui na wenzake. Akifika penye uzito aliacha kusimulia akaimba, akacheza, akatia mzaha, akarudi hadithini. Ubeti wa Latif au wa msufi mwingine ulikuja mahali pake hasa, pale hadithi ilipouita. Watu walimtunza fedha, na Waislamu walikaa pamoja na Wahindu mpaka kukicha.

Mashuhuri kuliko wote ni Bhagat Kanwar Ram, aliyezaliwa mwaka 1885 katika kijiji cha Jarwar, kaskazini ya Sindh. Habari zake zote hukubaliana kwamba fedha alizotunzwa aligawia maskini, vipofu na wajane. Tarehe 1 Novemba 1939, wakati wa uhasama wa dini ulipokuwa umepamba moto, alipigwa risasi akiwa ndani ya treni katika stesheni ya Ruk, akafa. Mtu aliyekuwa akiimba tungo za masufi wa Kiislamu mbele ya watu wa dini zote aliuawa kwa ajili ya dini yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1947, India na Pakistani zikagawanyika, na Wahindu wa Sindh wapatao milioni moja na zaidi wakaiacha nchi yao. Walitawanywa katika kambi na miji ya India. Iliyokuwa kambi ya askari karibu na Kalyan ikawa mji wa Ulhasnagar.

Wenye kuijua sanaa hii walihama salama, wengi wao. Sauti zao walihama nazo, na hadithi pia. Tusidhani basi kwamba bhagat ilidhoofika kwa kufa waimbaji. Ilidhoofika kwa sababu kijiji cha wasikilizaji kilivunjwa, kipande kikaenda Ajmer, kipande Ahmedabad, kipande Bombay. Watoto walisoma kwa Kihindi, Kigujarati au Kimarathi. Kisindhi hakikuwa na jimbo lake katika India. Kilitambuliwa katika orodha ya lugha za katiba mwaka 1967, miaka 20 baada ya watu wake kufika, na hata baada ya hapo waliendelea kubishana kama kiandikwe kwa herufi za Kiarabu walizozoea, au za Devanagari wanazosomeshwa watoto. Mtoto aliyesoma herufi moja tu hukitazama kitabu cha babu yake kama anavyotazama kijana wetu barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vikundi vya bhagat havijatoweka. Lakini bhagat anayelazimika kueleza kwanza Marui ni nani, tena kwa lugha nyingine, kisha aimbe, tayari anafanya kazi ya mwalimu wala si ile aliyoifanya Kanwar Ram.

Redio nayo iliingia. Kituo cha Hyderabad ya Sindh kilifunguliwa mwaka 1955, na huko ndiko alikopata umaarufu Allan Faqir, aliyefariki mwaka 2000, mtu aliyeinukia Bhit Shah na kujifunza huko kuimba tungo za Latif. Abida Parveen naye amezifikisha tungo hizo mbali kupita mipaka ya Sindh. Kuwasikia ni neema, na si haki kuwalaumu wasanii hawa kwa jambo lililo nje ya mikono yao. Ila saa ya redio ni dakika. Dakika hizo hutosha wai moja na bait chache, na hadithi haina nafasi. Hivyo redio imeendeleza lile lile lililoanzwa na kitabu: imeuchukua wimbo na kuiacha baraza. Tofauti ni kwamba kitabu kilichukua maneno bila ya sauti, na redio imechukua sauti pamoja na maneno, ndiyo maana wengi hudhani hapajapungua kitu.

Nimewahi kuziona fomu zinazotumiwa katika kazi kama hizi za kukusanya nyimbo. Zina nafasi ya jina la wimbo, kabila, jina la mwimbaji, umri wake, mahali na tarehe. Sikuona mahali pa kuandika nani alikuwa akisikiliza, aliuliza nini, na mwimbaji alisimulia nini kabla ya kufungua mdomo kuimba. Mara nyingi mtu aliyebeba kinasa sauti husubiri mzee amalize maneno yake ndipo awashe, kwa kuogopa kuharibu mkanda. Na yale maneno ya mzee ndiyo hadithi ya wimbo. Siku hizi vinasa sauti ni vidogo, wala havili mkanda, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena.

Kwa walimu, jambo hili halihitaji fedha wala waraka. Mwalimu wa kidato cha pili anayetaka kufundisha wimbo wa Liyongo afunge kitabu kwanza. Asimulie, au bora zaidi amsimamishe mwanafunzi aliyesikia habari hizo nyumbani asimulie, mpaka kijakazi afike dirishani na walinzi wawe wamekaa mlangoni. Wakitokea wanafunzi wawili wenye masimulizi yasiyolingana, awaache wabishane mbele ya darasa. Akisha ndipo aufungue ukurasa wenye wimbo.